Mchuzi wa Kihindi Ukienda Kombo: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuurekebisha

Mchuzi wa Kihindi wa kupikwa nyumbani, uwe wa kuku, wa dengu au wa mboga, hujengwa kwa hatua chache zinazofuatana: viungo vizima hutiwa kwenye mafuta ya moto, hufuata vitunguu maji hadi vigeuke rangi, kisha tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, kisha viungo vya unga, kisha nyanya, na ndipo kitoweo na maji huingia. Mpishi huonja mwishoni na kasoro huigundua mwishoni, lakini mara nyingi kasoro hiyo ilianza nusu saa kabla, wakati sufuriani mlikuwa bado na vitunguu peke yake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuongeza chochote kwa nia ya kuokoa chakula, inafaa kujiuliza ni hatua ipi iliyorukwa au kuharakishwa, kwa kuwa kijiko cha ziada cha garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vya kunukia vilivyosagwa, hakiwezi kufanya kazi iliyopaswa kufanywa na vitunguu.

Sehemu kubwa ya matatizo yatakayotajwa hapa inatokana na maji. Kitunguu ni maji kwa karibu asilimia 89, na nyanya kwa takriban asilimia 95. Maadamu maji hayo yangalimo sufuriani, joto la chakula halipandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali vitunguu huanza kugeuka kahawia kwa kasi, na kutoa ile harufu ya kukaangwa, kwenye takriban nyuzi 140. Anayemimina nyanya juu ya vitunguu ambavyo havijakauka huwa anachemsha viungo vyake, na viungo vilivyochemshwa bila kukaangwa hubaki na ukali wa ubichi hata vikikaa jikoni saa nzima.

Mchuzi una ladha ya ubichi na viungo vinakwaruza kooni

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Rangi ni nzuri na viungo vimetiwa kwa kipimo, lakini kwenye kuonja unausikia unga wa manjano na wa giligilani ukisimama peke yake, kitunguu saumu kikiwa kikali, na nyanya ikiwa bado chachu.

Anza kuchunguza vitunguu. Vitunguu vitatu vya ukubwa wa wastani, vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa kwa vijiko vinne vya chakula vya mafuta kwenye moto wa wastani, huchukua dakika 15 hadi 20 kufikia kahawia ya dhahabu. Maelezo mengi ya upishi huandika dakika 5, na muda huo hutosha kuvilainisha tu. Sufuria pana huruhusu mvuke utoke, chumvi kidogo mwanzoni huvuta maji mapema, na kifuniko huyarudisha yale yale yaliyokuwa yanajaribu kuondoka. Si kila mchuzi unataka vitunguu vya kahawia, kwani korma nyeupe, mchuzi laini wa mtindi au korosho, huanza na vitunguu vilivyolainika bila kugeuka rangi, lakini hata huko maji lazima yatoke kwanza.

Kisha chunguza nyanya. Zikishaingia, mchanganyiko huwa rojo linalotokota kwa mapovu makubwa. Baada ya dakika 8 hadi 12 mapovu hupungua na kuwa madogo na mazito yanayorusha matone, sauti hubadilika ikawa ya kukaanga, rangi hukolea, na mwiko ukiburuzwa chini ya sufuria huacha njia isiyojifunga mara moja. Mwishowe matone madogo ya mafuta mekundu hujitenga pembeni na kung'aa. Hapo ndipo msingi wa mchuzi umeiva, wala si kabla. Anayepika kwa mafuta machache sana hataliona tone hilo, na itambidi aamue kwa njia ya mwiko na kwa harufu, ambayo huacha kuwa kali ikawa tamu.

Ikiwa maji na nyama vimeshaingia ndipo ubichi ukagundulika, kuchemsha zaidi kunasaidia kidogo tu. Tiba ya uhakika ni kutoa nyama na kuiweka kando, kisha kuukausha mchuzi kwa moto mkubwa hadi mafuta yajitenge, ndipo kurudisha nyama na maji ya moto. Kama sufuria ni kubwa na kazi hiyo haiwezekani, kaanga kitunguu kimoja na nyanya moja kwenye kikaango kidogo hadi viive kikamilifu, uvimimine ndani ya sufuria, na uache vitokote pamoja kwa dakika 10. Mchuzi hautafanana kabisa na ule uliopikwa sawasawa tangu mwanzo, lakini utalika kwa heshima.

Mchuzi ni mchungu

Uchungu una vyanzo kadhaa, na tiba ya kimoja haifai kwa kingine. Tazama kwanza kama kuna chembe nyeusi na kama kuna harufu ya moshi. Zikiwapo, kuna kitu kilichoungua, na mshukiwa wa kwanza ni kitunguu saumu, ambacho hugeuka kahawia haraka kuliko kitunguu maji na huwa kichungu mara tu kinapopita rangi ya dhahabu. Mshukiwa wa pili ni viungo vya unga. Mbegu nzima za bizari nyembamba huvumilia mafuta ya moto kwa nusu dakika, hupasuka na kunukia, lakini unga wake huungua kwa sekunde chache, na unga wa pilipili huungua upesi zaidi. Njia rahisi ya kujikinga ni kuukoroga unga wote wa viungo kwa vijiko vitatu vya maji kabla ya kuutia sufuriani. Maji hayo machache hukauka ndani ya dakika moja au mbili, na unga hukaangika bila kuungua.

Msingi ulioungua hautengenezeki. Sukari, krimu na tui la nazi hupunguza makali ya uchungu kidogo, lakini ladha ya moshi hubaki, na ni nafuu kutupa vitunguu vitatu kuliko kupoteza kilo ya nyama juu yake. Ikiwa kilichoungua ni sehemu ya chini tu baada ya kitoweo kuingia, zima jiko, usikoroge wala usikwangue, na uhamishe kwa upawa sehemu ya juu kwenda sufuria nyingine. Onja kabla ya kuendelea.

Uchungu usio na harufu ya kuungua huelekeza kwingine. Uwatu ni mchungu kwa asili, na katika mchuzi wa watu wanne robo kijiko cha chai cha mbegu zake hutosha. Vitunguu vibichi vilivyosagwa kwenye blenda pia hutoa ukali na uchungu ambao vitunguu vilivyokatwa kwa kisu havina, kwa hiyo anayetaka mchuzi laini na avikaange kwanza ndipo avisage. Haradali nayo huwa chungu ikisagwa, na wapishi wa Bengali, ambao huitumia sana kwenye samaki, huisaga pamoja na chumvi na pilipili mbichi ili kuituliza.

Mchuzi ni mwepesi, au umekuwa mzito kama uji

Wepesi ni tatizo dogo kuliko linavyoonekana. Kuku peke yake hutoa maji mengi, na mpishi aliyetia vikombe viwili juu ya hayo amepika supu. Ondoa kifuniko, ongeza moto na uyaache maji yapungue, ukimtoa kuku kwanza kama ameshaiva ili asivunjikevunjike. Sishauri kutia unga wa ngano wala wa mahindi, kwa sababu hufunika harufu ya viungo na kuupa mchuzi utelezi usio wake. Kinachouzidisha uzito mchuzi wa Kihindi ni vitunguu vyenyewe, unga wa giligilani, korosho zilizolowekwa na kusagwa, nazi iliyosagwa, au vipande viwili vya kiazi vilivyopondwa humo humo. Ujazo wa kiganja wa korosho hutosha sufuria ya watu sita. Mchuzi uliozidi uzito huongezewa maji ya moto, kwani maji baridi hukata mtokoto, na huonjwa upya baada ya hapo kwa sababu chumvi nayo imepungua.

Mtindi au tui la nazi limekatika

Mchuzi uliokuwa laini unageuka punje nyeupe zinazoelea kwenye maji. Protini za maziwa huganda na kujitenga zinapokutana na joto kali na uchachu kwa pamoja, na mtindi tayari ni mchachu hata kabla ya nyanya. Mtindi usio na mafuta hukatika upesi zaidi, na ule uliotoka kwenye friji moja kwa moja hukatika karibu kila mara.

Tumia mtindi wenye mafuta yote, uutoe kwenye friji mapema, uupige kwa uma hadi usiwe na madonge, na uukoroge na kijiko kimoja cha chai cha unga wa dengu kwa kila kikombe, kwa kuwa wanga huzuia protini zisishikane. Punguza moto, tia kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, na usiache kukoroga hadi mchuzi uanze tena kutokota taratibu. Kadhi, ule mchuzi wa mtindi wa Gujarat na Punjab, huchemka muda mrefu bila kukatika kwa sababu ya unga huo huo wa dengu. Mchuzi uliokwisha kukatika hauna ubaya wowote kwa afya. Kama hakuna vipande vya nyama ndani, upitishe kwenye blenda na utarudi kuwa laini kwa kiasi cha kuridhisha.

Tui la nazi hukatika kwa kuchemka sana. Tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na ndimu hufuata baada ya jiko kuzimwa. Kwenye mchuzi wa samaki wa Kerala, kusini mwa India, tui jepesi ndilo linalopikia, na lile zito huingia dakika za mwisho tu.

Nyama ni ngumu, kuku ni mkavu, samaki amevunjika

Nyama ngumu na kuku mkavu ni matatizo yanayokwenda pande tofauti, ingawa wapishi wengi huyatibu kwa dawa moja ya kuendelea kupika. Mkono wa mbuzi, shingo na muundi vina tishu ngumu zinazoanza kulainika kwenye takriban nyuzi 70, lakini huhitaji muda mrefu, kati ya saa moja na nusu na saa mbili za kutokota polepole, au dakika 25 hadi 35 kwenye sufuria ya presha. Nyama hiyo ikiwa ngumu baada ya dakika 50 haijaharibika, bali haijafika. Kuchemsha kwa fujo hakuharakishi chochote isipokuwa kukausha maji. Papai bichi lililosagwa hulainisha, na hutumika sana India, lakini kijiko kimoja cha chakula kwa kilo moja ya nyama kinatosha; likizidi au likikaa usiku kucha, nje ya nyama hugeuka rojo wakati ndani bado pagumu.

Kidari cha kuku hakina tishu hizo na hakinufaiki na muda. Kinakuwa salama kuliwa kinapofika nyuzi 74, na kila dakika baada ya hapo hukikausha, kwa hiyo vipande vidogo vya kidari viingie kwenye mchuzi ulioiva na vipikwe dakika 10 hadi 12 tu. Kwa mchuzi wa wageni, ambao huenda ukasubiri na kupashwa moto, mapaja yenye mfupa ndiyo chaguo la busara, maana huvumilia kusubiri.

Samaki asikorogwe. Mpake chumvi na manjano, mwache robo saa, mlaze kwenye mchuzi unaotokota taratibu na uitikise sufuria kwa kuishika masikio badala ya kutumia mwiko. Minofu huiva kwa dakika 6 hadi 8. Paneer, jibini la Kihindi lisiloyeyuka, likiwa gumu kama raba limekaangwa kupita kiasi. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 na ulirudishe kwenye mchuzi mwishoni kabisa.

Dengu hazilainiki

Ikiwa zimechemka saa mbili na bado zinauma kwenye meno, uliza mambo matatu. La kwanza ni umri wake, kwani nafaka za jamii ya kunde zilizokaa ghalani muda mrefu huwa ngumu kiasi cha kutolainika kabisa. La pili ni maji, kwa kuwa maji yenye chokaa nyingi huimarisha maganda yake. La tatu ni uchachu: nyanya, ukwaju au ndimu vikitiwa mapema huzuia kulainika, na hili ndilo kosa linalotokea zaidi majumbani. Chumvi, ambayo hulaumiwa siku zote, haina hatia. Dengu nzima zilowekwe saa 8 hadi 12, na maji yakiwa ya chokaa, robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea husaidia. Kikizidi huleta ladha ya sabuni.

Maharage mekundu ya kupikia rajma, yaani mchuzi wa maharage, yana tahadhari ya peke yake. Yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na joto la chini halitoshi kuiondoa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, na uyachemshe kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive hadi yalainike kabisa. Sufuria za umeme zinazopika polepole hazifai kwa hatua hiyo ya kwanza.

Kila kitu kimefuatwa, lakini mchuzi umepooza

Mpishi hukimbilia pilipili, na matokeo yake ni mchuzi uliopooza na unaowasha. Jaribu kwanza chumvi kidogo, kisha uchachu: matone ya ndimu, kijiko cha maji ya ukwaju, au unga wa maembe mabichi makavu. Onja kila baada ya nyongeza. Mara nyingi ladha zote zilikuwamo, zikingojea chachu ya kuziamsha. Mchuzi wa Kigujarati huongeza pia sukari guru kidogo, na si kwa ajili ya utamu bali kusawazisha uchachu.

Ikiwa bado, tatizo ni umri wa viungo. Unga wa giligilani au wa bizari nyembamba uliofunguliwa miezi mingi iliyopita una rangi na hauna harufu. Uweke kidogo kiganjani, uusugue, na kama hunusi kitu, mchuzi nao hautanukia. Nunua mbegu nzima, uzikaange bila mafuta kwa dakika mbili, na usage kiasi cha wiki chache tu. Garam masala hutiwa dakika za mwisho, kwa sababu harufu yake hupotea na mvuke.

Kwa mchuzi wa dengu tiba bora ni tadka: pasha vijiko viwili vya samli, tia mbegu za bizari nyembamba, zikianza kupasuka tia vipande vya kitunguu saumu na pilipili kavu moja, na kitunguu saumu kikipata rangi ya dhahabu mimina vyote juu ya dengu kwa mkupuo na ufunike mara moja. Sijui njia nyingine ya dakika mbili inayobadilisha sufuria ya chakula kiasi hicho.

Chumvi au pilipili imezidi

Kiazi, ambacho wengi hukitia mchuzi ukizidi chumvi, hakinyonyi chumvi peke yake. Hunyonya maji yenye chumvi, na mchuzi unaobaki una chumvi ile ile. Dawa ni kuongeza wingi wa kitu kisicho na chumvi, kama dengu zilizochemshwa, nyanya zilizokaangwa, mtindi au tui, na kupika wali bila chumvi siku hiyo.

Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo kuongeza maji hueneza moto tu. Tumia krimu, mtindi, tui au korosho zilizosagwa, au uengue mafuta mekundu yaliyoelea juu, ambayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya ukali. Anayetaka wekundu bila kuwasha na atafute pilipili ya Kashmir, ambayo rangi yake ni kubwa kuliko makali yake. Mafuta yakizidi, uache mchuzi utulie robo saa na uyaengue kwa upawa.

Mchuzi ulikuwa mzuri kwa watu wanne, kwa wageni ishirini umeharibika

Vipimo havikui kwa mstari ulionyooka. Vitunguu vikiongezwa mara tano kwenye sufuria ile ile, hujazana na kutokota kwa maji yao, na hapo tunarudi kwenye ubichi uliotajwa mwanzoni. Vikaange kwa mafungu au tumia sufuria mbili pana. Maji yasizidishwe mara tano, kwa kuwa sufuria kubwa yenye kina hupoteza mvuke kidogo kulingana na ujazo wake. Karafuu, iliki, mdalasini na pilipili zianze na mara tatu, kisha onja. Chumvi iwe ya mwisho.

Mchuzi wa nyama au wa dengu hunoga ukipikwa siku moja kabla, mradi upozwe upesi kwenye vyombo vya kina kifupi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na siku ya pili uchemke hadi katikati. Samaki hawamo katika mpango huo. Garam masala, ndimu na majani ya giligilani visitiwe hadi saa ya kupakua. Kwa kuwa wageni hawalingani katika pilipili, pika sufuria nzima ikiwa ya upole na uandae pilipili yako kwenye tadka ya pembeni. Pakua kwanza bakuli la watoto na la wasioweza ukali, kisha mimina tadka juu ya kilichobaki.